Nimeendesha Dar miaka 9, mbona nafeli mtihani wa nadharia Uingereza?

«Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34. Nimeendesha gari Dar es Salaam miaka 9 bila ajali, kila siku Mbezi hadi Posta na kurudi. Nilihamia Leeds na sasa niko mwezi wa 14. Nahudumia wazee, na bosi ameniahidi zamu za kwenda majumbani nikipata leseni. Mtihani wa nadharia nimefeli mara mbili. Mara ya kwanza nilipata 38 kati ya 50 kwenye maswali, na 41 kati ya 75 kwenye video za hatari. Nikashika programu ya simu, nikakariri maswali mwezi mzima. Mara ya pili nikapata 44, lakini kwenye video nikashuka hadi 37, na klipu moja ikaniandikia kwamba nimebofya isivyotakiwa. Kiingereza changu ni cha kazini tu. Rafiki ananiambia niombe mkalimani, mwingine anamjua mtu anayeingia kufanya kwa niaba yako. Na wakati nasubiri, leseni yangu ya Tanzania si bado inanifaa? Nimekata tamaa, najiona kama sijawahi kushika usukani.»

Marahaba, dada yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo linaweza kukuletea balaa leo hii, kabla hata hujarudi kwenye chumba cha mtihani. Hapana, haikufai tena. Leseni ya Tanzania inakuruhusu kuendesha hapa kwa miezi 12 tangu ulipohamia kuishi, na wewe umeshaivuka. Mbele ya sheria sasa wewe ni lena, yaani mwanafunzi wa udereva, sawa na kijana wa miaka 17. Unatakiwa uwe na leseni ya lena, ile kadi ya kijani, vibao vya L mbele na nyuma ya gari, bima inayokutambua kama lena, na pembeni yako mtu mwenye miaka 21 au zaidi ambaye amekuwa na leseni kamili kwa miaka 3. Ukikamatwa peke yako, kosa haliishii kwenye leseni. Bima nayo inahesabika haipo, na kwa hilo faini ya kawaida ni pauni 300 na alama 6 za adhabu zinazoandikwa kwenye rekodi yako hata kama bado ni lena. Gari lenyewe linaweza kuvutwa, nawe ukaachwa umesimama kando ya barabara. Kama umekuwa ukiendesha miezi hii miwili, acha leo.

Leseni yetu pia haibadilishwi hapa, wala ya Kenya, wala ya Uganda. Mara nyingi mtu huniuliza, «Mbona fulani alibadilisha ya kwao bila mtihani?» Ukifuatilia unakuta fulani katoka Zimbabwe au Afrika Kusini, nchi ambazo zimo kwenye orodha ya wanaobadilishiwa. Sisi hatumo. Njia yetu ni mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani.

Sasa tuje kwenye kufeli. Mtihani una vipande viwili vinavyofanywa siku moja: maswali 50 kwa dakika 57, ambayo lazima upate 43, na video 14, ambazo lazima upate 44 kati ya 75. Vyote viwili vipite kwa pamoja. Ukiangusha kimoja unarudia vyote, na hiyo 44 yako ya maswali haikuwekwa akiba popote. Najua inauma. Lakini tazama namba zako kwa utulivu: kilichokuangusha mara zote mbili ni video, na mwezi mzima wa kujiandaa uliutumia kwenye maswali. Hukufeli kwa sababu hujui kuendesha. Ulitibu mguu wa kushoto wakati jeraha kubwa liko wa kulia.

Kwa hiyo nitakaa kwenye video kwanza, maana watu hawaelezwi vizuri zinavyofanya kazi. Kila klipu ni ya dakika moja hivi, unaona barabara kama uko kwenye usukani. Kumi na tatu kati yake zina hatari moja moja inayojitokeza, na moja ina hatari mbili, ndiyo maana jumla ni hatari 15, kila moja alama 5. Neno la kulishika hapa ni «inayojitokeza». Gari lililopaki pembeni si hatari inayojitokeza, ni kitu cha kuangalia tu. Gari hilohilo likiwasha indiketa na tairi la mbele likaanza kukata kuja barabarani, hapo hatari imezaliwa, kwa sababu sasa wewe unalazimika kupunguza mwendo au kubadili uelekeo. Kompyuta inafungua dirisha la muda kuanzia pale mambo yanapoanza kubadilika. Dirisha hilo limekatwa vipande vitano. Ukibofya kwenye kipande cha kwanza unapata 5, cha pili 4, hivyo hivyo hadi 1, na likishafungwa ni sifuri.

Hapo ndipo madereva wazoefu tunapoangukia, kwa njia mbili zinazopingana. Njia ya kwanza ni kuwahi. Wewe una miaka 9 barabarani, unamwona mtoto na mpira mbali kule na unabofya papo hapo. Kompyuta haijafungua dirisha bado, mbofyo wako hauhesabiwi, nawe unaamini umeshamaliza kazi. Njia ya pili ni kuchelewa, nayo inatokana na jicho la kwetu. Fikiria barabara ya Morogoro saa 12 jioni, pale Ubungo. Watu wamesimama ukingoni wakisubiri upenyo, mama karanga yuko kwenye lami yenyewe, bodaboda anapita kushoto kwako, mkokoteni umekata mbele. Ukimhesabu kila mmoja kuwa hatari hutafika Posta. Kwa hiyo jicho limejifunza kumwacha mtu aliyesimama ukingoni mpaka atakaponyanyua mguu, na akinyanyua unapiga honi. Kwenye klipu ya mtihani, mzee aliyesimama ukingoni anaangalia upande wa pili. Anageuza kichwa, anashusha mguu mmoja barabarani. Pale kwenye kushusha mguu, wewe uko kwenye alama ya 5. Ukisubiri mpaka afike katikati ya njia yako umebakiza 1 au hakuna.

Kuna jambo jingine ambalo nimeliona kwa wanafunzi wengi waliotoka nyumbani wakiwa madereva tayari. Nikikaa nao garini naona mguu unatoka kwenye mafuta taratibu, bila wao kujua. Hatari wameiona, mwili umeshajibu. Lakini mtihani hauoni mguu, unasubiri kidole, na kidole hakijawahi kufundishwa kazi hiyo.

Halafu ile klipu iliyokuandikia kwamba umebofya isivyotakiwa. Najua ulichofanya, kwa sababu ndicho wanachofanya wengi wakiogopa kukosa: ulianza kubofya mfululizo, au kwa mdundo wa kila baada ya sekunde kadhaa. Kompyuta ikiona mdundo inaifuta klipu nzima, unapata sifuri hata kama mbofyo mmoja ulikuwa sahihi kabisa. Hizo ni alama 5 zilizopotea. Fanya hivi: bofya mara moja unapohisi kitu kinaweza kuleta shida, bofya tena pale kinapoanza kubadilika kweli, na kama bado kinaendelea kukua, bofya mara ya tatu. Kuwahi mapema hakupunguzi alama, na mbofyo wa pili ndio utakaoingia dirishani. Ukifanya hivyo kwa kila kitu kinachostahili, huwezi kutengeneza mdundo, kwa sababu barabara yenyewe haina mdundo.

Zoezi la bure ninalowapa watu ni hili. Panda basi la ghorofa, kaa juu, siti ya mbele kabisa. Kwa dakika 15 taja kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, kila kinachoanza kubadilika: «huyo anashuka», «taa ya breki ile», «mlango unafunguka», «baiskeli inakwepa shimo». Kila unapotaja, gonga goti kwa kidole. Sehemu ya video haina Kiingereza ndani yake, inataka jicho na kidole tu. Jicho unalo. Ukiunganisha vile viwili kwa wiki mbili, pamoja na klipu za mazoezi za DVSA, idara ya serikali inayoendesha mitihani hii, hiyo 37 itapanda.

Sasa maswali. Ulikariri mwezi mzima ukapata 44, umevuka kwa swali moja. Sikudharau, ila 44 ya kukariri siku nyingine inakuwa 41. Tangu 2012 maswali halisi ya mtihani hayachapishwi. Unachokiona kwenye programu ni maswali ya kufanana nayo. Aliyekariri kwamba «jibu ni la tatu, lile la mita 73» anapotea swali likigeuzwa upande. Aliyeelewa hapotei.

Chukua umbali wa kusimama, ambao unawakosesha watu usingizi. Ukiwa maili 30 kwa saa, unahitaji mita 23 mpaka gari lisimame: mita 9 zinapita wakati ubongo unaamua, na 14 zinapita breki ikiwa imekanyagwa. Ukiwa maili 60 ni mita 73, yaani 18 za kuamua na 55 za breki. Umeona? Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali wa kuamua nao mara mbili, lakini umbali wa breki umekwenda karibu mara nne. Sababu ni kwamba nguvu iliyomo kwenye gari linalokwenda inakua kwa mwendo mara mwendo, na yote hiyo lazima iishie kwenye breki na tairi. Ukishalishika hilo, jibu la mita 46 kwa maili 60 utaliona limekosea hata kama hukumbuki namba. Na usisahau kwamba hapa ni maili. Maili 30 ni kama kilomita 48, karibu sawa na ile 50 ya mjini kwetu. Mtaa wenye taa za barabarani na hakuna kibao cha mwendo, chukulia ni 30, isipokuwa Wales, ambako tangu Septemba 2023 ni 20.

Sehemu kubwa unaijua tayari, na nataka ulisikie hilo. Kuendesha kushoto ni kulekule. Kwenye kipilefti unampisha anayetoka kulia, kama Dar. Pembetatu inaonya, duara linaamuru, mstatili unaeleza. Kinachokuponza ni lugha ya barabarani ambayo haikuandikwa popote na sisi wote tunaijua. Nyumbani, lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto linakwambia pita, likiwasha ya kulia linakwambia baki. Hapa indiketa inasema jambo moja tu: nakata upande huu. Nyumbani ukiwashiwa taa kamili maana yake inaweza kuwa pita, au ondoka njiani, au trafiki wako mbele. Kitabu cha kanuni za barabara cha hapa kinasema kuwasha taa kuna maana moja, «mimi nipo», na hupaswi kuichukulia kama ruhusa. Ukiulizwa ufanye nini dereva mwingine akikuwashia taa kwenye makutano, mkono wako utakimbilia «endelea». Jibu ni kusubiri uangalie mwenyewe kama ni salama. Taa za hazadi, zile indiketa zinazowaka zote kwa pamoja, nazo usiziwashe gari likitembea kwenye mvua. Honi hairuhusiwi kwenye makazi kuanzia saa 5:30 usiku hadi saa 1 asubuhi. Na mwenda kwa miguu anayesubiri kuvuka pale unapokata kona unampisha. Kanuni hiyo iliingia Januari 2022, kwa hiyo kama kitabu ulichoazimwa ni cha kabla ya hapo, mrudishie mwenyewe.

Mada ambazo madereva wazoefu huziruka ni huduma ya kwanza, nyaraka za gari, mzigo na mazingira. Zisome jioni mbili tu. Kwa kazi yako, ya huduma ya kwanza unaweza kuwa unaijua kuliko mimi.

Kuhusu Kiingereza, rafiki yako anakumbuka zamani. Wakalimani na sauti za lugha nyingine ziliondolewa Aprili 2014, na sasa mtihani ni Kiingereza au Kiwelshi tu. Lakini sikiliza vizuri: mwenye shida ya kusoma anaweza kuomba, wakati wa kuweka nafasi, asomewe maswali kwa Kiingereza kupitia vipokea sauti. Wewe unafanya kazi ya kuongea na wazee siku nzima, yawezekana sikio lako la Kiingereza limelitangulia jicho. Kama unapomsikiliza mtu unaelewa lakini ukisoma sentensi hiyohiyo inakuchanganya, liombe hilo bila aibu.

Maneno yanayoangusha watu si mengi. Andika kurasa mbili za daftari. «Give way» ni kupisha, wala haikuambii usimame lazima. «Pavement» hapa ni njia ya waenda kwa miguu, wala si lami ya magari. «Hard shoulder» ni ule ukingo wa dharura wa barabara kuu ya magari. Ukilifasiri neno kwa neno utapata bega gumu na swali limekupita. «Tread» ni mifereji ya tairi, ambayo haitakiwi kupungua chini ya milimita 1.6, yaani tairi kipara ni kosa. Na angalia tofauti ya «must» na «should». Kwenye kitabu cha kanuni za barabara, «must» kwa herufi kubwa ni sheria, unaadhibiwa ukiivunja. «Should» ni ushauri, ingawa mahakama inaweza kuutumia dhidi yako ukileta ajali. Kila swali lisome mara mbili kabla ya kuangalia majibu, na utafute neno «not» au «except» kwanza. Dakika 57 kwa maswali 50 zinatosha. Swali linalokukwaza liwekee alama upite, utalirudia.

Huyo mtu anayeingia kwa niaba yako, mkimbie. Ni kosa la jinai kwake na kwako, watu wanafungwa kwa hilo, na kwa anayeishi kwa viza kesi ya jinai haiishii kwenye leseni. Zaidi ya hapo, dada, utakuwa usiku peke yako unakwenda kwa mgonjwa kwenye barabara yenye barafu, na kanuni inayosema uache nafasi mara kumi ya ile ya kawaida kwenye barafu ni yeye aliyeijibu. Chunga pia tovuti zinazojifanya za serikali. Ada ni pauni 23. Ukiona unadaiwa zaidi, umeingia kwa dalali.

Sheria inakutaka usubiri siku 3 za kazi kabla ya kurudia. Mimi nakutaka usubiri zaidi. Usiweke nafasi mpaka upate 47 au zaidi kwenye mitihani ya mazoezi mara tatu mfululizo, na 55 kwenye video, kwa klipu ambazo hujawahi kuziona. Ukishafaulu, cheti kina miaka 2, na ndani ya muda huo lazima ufaulu mtihani wa barabarani, la sivyo unaanza upya. Foleni ya mtihani wa barabarani ni ndefu, kwa hiyo tafuta tarehe mara tu unapopata cheti.

Yako mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyamaliza. Kama herufi zinacheza ukisoma, hata za Kiswahili, na ilikuwa hivyo tangu shuleni, nenda ukapimwe kama una disleksia, maana ukiwa na uthibitisho unaweza kupewa muda wa ziada kwenye maswali. Kama namba ya gari iliyo mita 20 mbele yako huisomi vizuri mchana, nenda kwa daktari wa macho kabla ya mwalimu wa udereva. Hilo litakufelisha dakika ya kwanza ya mtihani wa barabarani, na pengine hata klipu zinakuponyoka kwa sababu hiyo. Na kama baada ya wiki mbili za basi na klipu video bado haivuki 44, lipia saa moja na mwalimu mwenye kibali, mwambie hutaki kuendesha, unataka akae nawe mbele ya kompyuta aone kidole chako kinakwenda lini. Saa hiyo moja itakusaidia kuliko mwezi mwingine wa kukariri.

Siku yenyewe beba kadi ya leseni ya lena, kadi yenyewe mkononi. Picha iliyo kwenye simu haikubaliwi, utarudishwa mlangoni na pauni 23 hazirudi. Iweke kwenye mkoba usiku, kabla hujalala.